Mtungi Katika Kila Picha

Mimi hupiga picha za vyumba. Za watu nilipiga miaka mingi, harusi na ubatizo na pasipoti, mpaka simu zikatunyang'anya kazi mchana kweupe. Siku hizi ni vyumba vitupu tu: sebule, jikoni, bafu, chumba cha kulala, na mara mojamoja roshani yenye kamba ya nguo. Ajenti wa nyumba huzituma picha hizo kwa watu wanaotafuta pa kupanga au pa kununua, kuanzia Embu mjini mpaka Laare, na mtu anachagua nyumba akiwa amekaa kwake anakunywa chai. Ukiona picha ya chumba kutoka huku kwetu, na kwenye kona ya mwisho umesimama mtungi wa plastiki wa njano wa lita ishirini, ule unaouzwa ukiwa na mafuta ya kupikia, tena umevishwa kitambaa cheupe cha kufumwa, usiulize ni ya nani. Ni yangu. Na siombi radhi kwa kujisifu. Kazi nimeifanya kwa mikono hii miwili, nani mwingine ataisifu?

Watu wengine hudhani watengenezaji wa mafuta hunilipa niwatangazie. Ebo! Wangenilipa ningekuwa bado napanda boda boda na mtungi mgongoni? Mtungi huu ulitokana na aibu, aibu yangu mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka masikio hupata moto.

Nilikuwa na studio ndogo Meru mjini, ghorofa ya kwanza, pazia la maporomoko ya maji nyuma ya kiti. Ilifika wakati nikawa nafuta kiti vumbi mara nyingi kuliko watu wanavyokikalia. Ndipo siku moja akapanda ngazi kijana mmoja mwembamba, viatu vya ncha, simu mbili mkononi. Akaniambia yeye ni ajenti wa nyumba.

"Mathe," akasema, "nasikia uko na kamera ya nguvu. Keja zangu zikipigwa na simu zinatoka kama mapango. Hebu nisaidie."

Nikacheka. Miaka yote hiyo nawaambia watu watabasamu, leo nipige picha ya sinki! Lakini tumbo halicheki, nikakubali. Nikanunua lenzi pana, ya mtumba lakini safi, na nikajifunza kazi upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Haki ya Mungu, niliiweza. Nyumba za huku juu ni za giza, madirisha madogo kwa ajili ya baridi, na asubuhi ukungu umelala mpaka mlangoni. Nilijifunza kungoja mpaka saa nne, ukungu unyanyuke, halafu pazia lifunguliwe lote. Nilijifunza kuwaambia wenye nyumba wapake polishi nyekundu sakafuni jana yake, kwa sababu sakafu iliyong'aa inapandisha mwanga mpaka darini. Nilijifunza kujibana kwenye kona kabisa, mgongo ukutani, kamera usawa wa kiuno, na mlango uachwe wazi ili hata korido ihesabike kuwa sehemu ya chumba. Ukinipa banda la kuku nilikuwa nakutolea ukumbi wa mikutano.

Ajenti alifurahi mpaka akacheza pale pale studioni. "Mathe, wewe ni mchawi!" Na mimi, mjinga mimi, nikaona nimesifiwa.

Kazi nyingi zilikuwa Nchiru, kwenye chuo kikuu. Pale kila mtu mwenye kipande cha shamba amejenga ploti ya wanafunzi, vyumba vimepangana kama masanduku ya soda. Nilivipiga kimoja kimoja, na kwa lenzi yangu kila kimoja kikawa mahali pa kucheza mpira. Vilijaa hata kabla chuo hakijafunguliwa, na watu walivichukua bila kuviona, kwa picha peke yake.

Wiki ya kufungua nilikuwa pale pale Nchiru, kamera shingoni, nimekuja kupiga ploti ya jirani. Ikaingia pikapu. Nyuma yake palikuwa na kitanda kimefungwa kamba, na kando ya kitanda ameketi mama mmoja wa sweta na kilemba, ameshika mguu wa kitanda kama mtu anayeshika mtoto asianguke. Mbele alikaa binti yake, mwanafunzi mpya. Walikuwa wametoka Mbeere, upande wa chini wa Embu.

Nimeona vitanda vingi maishani, lakini kile kilinifanya nisogee. Kilikuwa cha futi nne kwa sita, cha mbao ya mukau, mti wa kwao Mbeere ambao mchwa huujaribu mpaka akachoka. Hakikuwa na msumari hata mmoja. Viungo vilikuwa vimeshikana kwa gundi na vijiti vya mbao, hivyo hakifunguki, ni kitu kimoja. Ubao wa kichwani ulikuwa umechongwa masuke ya mtama, punje kwa punje, ungedhani ndege watatua wadonoe.

"Baba yake ndiye aliyekitengeneza," yule mama akaniambia alipoona nakitazama. "Barua ya chuo ilipokuja tu, akaingia karakana. Alipomaliza, wiki ya pili yake, kiharusi kikamshika upande wa kulia. Na mkono wake wa kazi ni huo. Hiki ndicho cha mwisho, mama. Hatatengeneza kingine."

Basi kitanda kikabebwa. Kikapita mlangoni kimelala ubavu, vizuri. Kikalazwa chini. Mlango ukakataa kufunga. Wakakigeuza, kichwa kikaenda dirishani, na mlango ukakataa tena. Wakakisogeza huku, wakakisogeza kule, mpaka mle ndani hapakuwa na pa kusimama mtu. Ukiweka kitanda, mlango haufungi. Ukifunga mlango, kitanda kiko nje. Na vyumba vingine vyote vilikuwa vimechukuliwa, shukrani kwa uchawi wangu.

Mwangalizi wa ploti, mzee wa watu mwenye nia njema, akasema, "Tukate tu hapa miguuni, kipande kidogo. Naenda kuleta msumeno."

Yule mama akajiweka mbele ya kitanda. Hakupiga kelele. Alitoa simu yake, akafungua ile picha ya chumba, akaiinua mlangoni. Akatazama picha, akatazama chumba. Akatazama picha, akatazama chumba.

"Nani alipiga hii?" akauliza.

Nina kamera shingoni, nitajificha wapi? "Ni mimi," nikasema.

Nilingoja matusi. Matusi ninayaweza, Meru nzima inajua. Lakini hakunitukana. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniua, akasema pole pole, "Mama, picha yako ni kubwa kuliko nyumba."

Halafu akageuka akaanza kufunga kamba upya. Kitanda kikarudi Mbeere na binti akalala kwenye godoro sakafuni mwaka mzima. 

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni na chai yangu ikapoa. Nilisikia aibu, sisemi uongo. Nilikuwa nimedanganya watu kwa kamera ile ile niliyotumia kuwapigia picha za ubatizo. Nikajiuliza, nitaweka kitu gani ndani ya picha ili mtu aliye mbali ajue chumba ni kikubwa kiasi gani? Kiti? Viti vina ukubwa wake, vya kwetu na vya matajiri wa Kangeta si sawa. Ndoo? Kuna ndoo za kila aina. Nikatafuta jibu kwa Mungu juu darini, kumbe lilikuwa limesimama mlangoni, la njano, kifuniko kimepotea.

Nani kwetu hajaubeba mtungi huo? Mgongo unaujua. Kiganja kinaujua. Mwanafunzi anaujua, daktari anaujua, askofu pia aliubeba kabla hajawa askofu. Ukiuona mtungi huo kwenye kona ya chumba, mwili wako unakuambia ukubwa wa chumba kabla akili haijaamka. Hata lenzi yangu pana haiwezi kuushinda: nikinyoosha chumba, mtungi unakuwa kama kiberiti, na mtu anajua hapa kuna mchezo. Nikauosha, nikaukausha, kesho yake nikapanda boda boda nao.

Sasa cheka. Wiki ya kwanza tu, simu za ajenti zikashika moto. Kila mtu anauliza swali moja: "Kwani hapo hakuna maji?" "Maji ni ya kuteka?" "Mto uko mbali?" Kwa maana huku kwetu mtungi ndani ya nyumba unasema jambo moja tu, kwamba mfereji umekauka. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, niliyeteka maji tangu nina miaka saba, hilo lilikuwa limenipita kabisa! Kule Kangeta mama mmoja mwenye nyumba alinifukuza na ufagio mpaka langoni.

"Nimechimba kisima!" akapiga kelele. "Nimeweka tangi mbili juu! Halafu unakuja kunisimamishia mtungi sebuleni, watu waseme nini?"

Aliyeniokoa ni mke wa mchinjaji mmoja wa Majengo, Meru mjini, mama wa Kiislamu ambaye yeye na mumewe walikuwa wanapangisha upande wa nyuma wa nyumba yao. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia na mtungi wangu, nikamweleza kisa chote. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mwanangu," akasema akifuta machozi, "mtungi ukiwa uchi ni wa kazi. Uvishe uwe mgeni."

Akavuta kitambaa cheupe kwenye mgongo wa kochi lake, cha kufuma kwa mkono, kingo zake za mawimbi, akakitandika juu ya mtungi. Wallahi ulipendeza! Pale pale ukaacha kuwa chombo cha maji ukawa pambo la sebule, kama redio na televisheni na kila kitu kingine ambacho sisi huku hatuwezi kukiacha bila kitambaa. Alikataa kukichukua tena. Ninakifua kila Jumamosi, na aliyeuliza habari ya maji tangu siku hiyo ni mmoja wawili tu, wabishi.

Wanafunzi ndio waliouelewa mtungi mapema. Walianza kuambiana wao kwa wao, chumba kisicho na mtungi usikiamini. Mtu anauliza, "Picha iko na mtungi?" kabla hajauliza kama kuna stima. Nikiwa peke yangu nilikuwa natabasamu kama mwehu.

Ajenti yeye alinuna. "Mathe, unaniharibia. Mtungi unafanya chumba kionekane kidogo."

"Chumba ni kidogo."

"Najua ni kidogo! Lakini lazima sisi ndio tuseme?"

Tuligombana hivyo karibu mwaka mzima. Halafu ikaja hosteli mpya, Nchiru hapo hapo, ghorofa tatu, ya mkulima mmoja wa miraa kutoka Laare. Ajenti akaja na sura ya mazishi. "Hii ni kazi kubwa kuliko zote nimewahi kupata. Picha ziwe safi. Nikiona mtungi, mimi na wewe basi. Nimesema."

Nikapiga. Na mtungi. Nikamtumia. Hakujibu kitu, nikadhani amesalimu amri.

Siku mbili baadaye nikaziona picha zinazunguka mitandaoni. Mtungi haupo! Kijana alikuwa ameufuta kwa simu yake, chumba baada ya chumba, kwa uvumilivu ambao sikujua anao. Ila alisahau kivuli. Sakafuni, kwenye kona, kivuli cha mtungi kilikuwa kimelala vile vile na mawimbi ya kitambaa chake, na mwenyewe hayupo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu hasira zikanipanda zote pamoja. Nilikuwa nimeshashika simu nimpigie nimtoe jasho, ikalia mkononi.

"Ni mimi," sauti ikasema. "Mama wa kitanda."

Ningeijua sauti ile hata usingizini. Nikasimama wima kana kwamba yumo ndani ya studio.

"Namba yako nimepewa na mwangalizi wa ile ploti," akaendelea. "Binti ananiambia siku hizi unaweka mtungi. Nimetazama picha za hosteli mpya, nimeona kivuli. Mtungi wenyewe uko wapi?"

Nikamweleza. Halafu akaniambia jambo lililonifanya nikae tena.

"Mzee anataka kitanda kiende. Mwaka mzima kimesimama ukutani hapa, kimeegemea, kila asubuhi anakitazama. Sasa ametia msumeno kwenye gunia. Anasema kisipoingia mara hii, hakirudi tena hapa. Atakikata huko huko, yeye mwenyewe, kwa mkono uliobaki."

"Anatisha tu, mama."

"Huyu?" akasema. "Huyu akisema amesema."

Nilimtumia picha zangu zenye mtungi dakika ile ile. Lakini roho haikutulia. Kesho yake nilienda Nchiru. Vyumba vingi vilikuwa vimeshachukuliwa. Kilichobaki chenye ukuta wa maana kilikuwa kimoja, ghorofa ya kwanza, karibu na ngazi. Nikaweka mtungi kwenye kona, nikachora mstari wa chaki ulipoishia, nikausogeza, nikachora tena, mpaka nikafika ukuta wa pili. Kila hatua nikapiga picha nikatuma.

Kule Mbeere mzee naye alikuwa ametoa mtungi wake jikoni, anaupanga kando ya kitanda kilichoegemea. Kabla ya kuniamini aliniuliza swali kupitia kwa mkewe: mtungi wangu mabega yake ni ya mviringo au ya pembe? Kwa sababu iko ya aina mbili, na tofauti yake ni kidole. Nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia mtu nisiyemjua. Huyo ndiye fundi! Nikatuma picha za mgongo, ubavu na mabega. Ulikuwa sawa na wake.

"Kitanda ni mitungi sita na nusu kwa urefu," mama akasema kwenye simu.

"Ukuta ni sita na nusu na vidole vitatu," nikasema.

Nilimsikia akimwambia mzee kwa Kimbeere. Halafu akarudi. "Anasema vidole vitatu vinatosha. Anasema ni vidole vya nani?"

"Vyangu."

"Anasema utume picha ya vidole."

Nikatuma, nimevibandika juu ya mtungi. Upande wa upana haukuwa na shida, mlango ulikuwa na nafasi ya kufunguka na kufunga na mtu akabaki na pa kusimama. Wakakichukua chumba.

Ajenti alipojua nimepeleka picha nje ya mikono yake, alinipigia akifoka. "Umenipita, Mathe! Umenipita kabisa!"

"Njoo Jumamosi," nikamwambia. "Kitanda kikikataa kuingia, unifukuze mbele ya watu. Mimi nitaubeba mtungi niende nao nyumbani kwa miguu."

Akaja. Viatu vya ncha, simu mbili, yuko tayari kunifukuza.

Pikapu iliingia mchana. Mama na binti walikaa nyuma na kitanda. Mzee alikaa mbele, mwembamba, koti la kanisani, mkono wa kulia umelala mapajani juu ya shuka alilojifunika, na katikati ya magoti gunia. Nilimsalimia, akanipa mkono wa kushoto akanitazama vidole kabla ya kunitazama uso. Kitanda kikapandishwa ngazi na vijana wanne. Yeye akapanda nyuma yake, gunia na shuka begani, ngazi moja baada ya nyingine, na alipoona binti yake anataka kumshika akasema, "Wacha."

Niliingia wa kwanza. Nikasimama. Chini ya ukuta, kuzunguka chumba chote, mafundi walikuwa wamebandika vigae, vile vya kuzuia maji ya kupigia deki. Havikuwepo siku niliyopima! Kigae kimoja kinene kama kidole upande huu, kingine upande ule. Vidole vyangu vitatu vimebaki kimoja, na huenda hata kimoja kisifike.

Mzee akaviona. Akainama pole pole, akapitisha kiganja cha kushoto juu ya kigae. "Hivi viliwekwa lini?"

"Baada yangu, Mzee," nikasema. "Nilipopima havikuwepo. Naapa."

Nyuma yangu ajenti akakohoa. "Mathe, si nilikuambia?"

Nilitaka kumgeukia nimrushe nje kwa dirisha, lakini mzee alikuwa ameweka gunia sakafuni na mpini wa msumeno ulikuwa umechungulia. Mama alikuwa mlangoni, ameshika fremu. Binti alitazama dirishani, hakutaka kutuona. Nilimwomba Mungu wazi wazi, midomo ikienda, sikujali nani ananiona.

"Lazeni," mzee akasema.

Vijana wakakishusha. Ubao wa kichwani, wenye masuke, ukashuka sawa, ukagusa ukuta. Upande wa miguuni ukashuka nusu, ukashika. Kijana mmoja akataka kukisukuma kwa goti, mzee akampiga bega. Akapiga magoti yeye mwenyewe, ikamchukua muda, akaingiza mkono wa kushoto chini. Hapo nikaona kitu ambacho sikukiona mwaka ule mwingine: miguu ya kitanda ilikuwa imepunguzwa kwa nje huko chini, imechongwa kiasi, kama fundi wa zamani anavyofanya ili ufagio upite. Akakiinua kidogo, akakivuta kwake unywele mmoja, akaachia. Kikateremka, vigae vikaingia kwenye mikato hiyo. Kikakwaruza kigae mara moja tu, kikakaa.

"Tokeni," akasema.

Tukatoka sote kwenye korido. Akafunga mlango. Ulifunga! Tulisikia kitasa, na ufunguo ukizunguka. Tukangoja. Hatukusikia kitanda kulia, kwa sababu kitanda kile hakilii. Mama alinishika mkono juu ya kiwiko, akaubana, na hakuuachia. Ajenti alitazama viatu vyake.

Mzee alipofungua, macho yalikuwa mekundu na hakuyaficha. Lile shuka alilokuja amejifunika magoti lilikuwa limetandikwa juu ya mbao. Alimwambia binti yake maneno machache kwa Kimbeere na binti akaenda akakaa pembeni ya kitanda chake, akaweka kiganja juu ya masuke, akalia kama mtoto. Na mimi nililia, kwa nini nidanganye? Nililia na nikasikia fahari kubwa kuliko siku yoyote ya kazi yangu.

"Mama Picha," mzee akaniambia, "ingia upige."

Nikaingia, nikajibana kwenye kona yangu, na kwa mazoea nikasimamisha mtungi kwenye kona ya pili na kitambaa chake.

"Toa huo," akasema.

"Mzee, mimi kila picha huwa naweka..."

"Toa. Kitanda kimekaa. Ukubwa wa chumba unajulikana."

Nikautoa. Ajenti alikuwa amesimama mlangoni, mikono haina kazi, nikamkabidhi. Aliushika kwa mikono yote miwili, kitambaa na yote, kama mtu aliyepewa mtoto wa ubatizo asijue amlishe nini. Tulipokuwa tunashuka ngazi ndipo akaniuliza, bila kunitazama, kama ninaweza kumtumia tena zile picha za hosteli, zile za kwanza.

"Zenye nini?" nikamuuliza.

"Mathe, tafadhali."

"Sema."

"Zenye mtungi," akasema.

Msumeno ulirudi Mbeere ndani ya gunia lake. Nami picha ile niliisafisha vizuri, kubwa, nikamtumia mzee kwa pikapu ile ile ilipopita mjini wiki iliyofuata. Katika maelfu ya picha za vyumba nilizopiga tangu niuanze mtungi, ni hiyo tu isiyo na mtungi.

Mwezi ule ule yule mama alinitumia picha kwa simu. Ni ya sebule yao. Ukutani, pale kitanda kilipokuwa kimeegemea mwaka mzima, picha yangu imetundikwa kwenye fremu ya mukau, iliyochongwa kwa mkono wa kushoto, pembe zake haziko sawa. Na chini yake sakafuni, ili nijue ukubwa wake, wamesimamisha mtungi wao wa njano, wameuvisha kitambaa.